Kulinda Windows Mpya Dhidi ya Virusi: Mwongozo Kamili wa Siku ya Kwanza

Watu wengi wanaopeleka kompyuta kwa mafundi mjini Dodoma, iwe Majengo, Makole au kwenye vibanda vilivyo jirani na vyuo, hurudi kwa fundi yuleyule baada ya wiki chache na tatizo lilelile: folda zimegeuka shotikati (njia za mkato, «shortcut»), mashine imekuwa nzito, matangazo yanajitokeza bila kuitwa. Huambiwa kwamba Windows imeharibika, hupigiwa nyingine, na hulipa tena. Mara nyingi Windows haikuharibika hata kidogo. Programu hasidi ilirudishwa ndani siku ileile mfumo ulipowekwa, kupitia mmoja wa milango mitatu: diski ya D ambayo haikufutwa, flashi yenye kazi za zamani, au programu ya kuiwezesha Windows bila leseni.

Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zifuatwe kwa mpangilio wake. Karibu kila anayeshindwa huzifahamu baadhi ya hatua hizi, ila huzifanya kichwa chini miguu juu: huchomeka flashi kwanza, huweka programu za kupewa, kisha ndipo hukumbuka ulinzi. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ya Windows 11. Kwenye Windows 10 tofauti ni ndogo.

## Vitu vya kuandaa

- Flashi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi, itakayobeba Windows peke yake. Kila kilichomo kitafutwa.
- Diski ya nje ya kuhifadhia kazi zako, tofauti na flashi hiyo.
- Kompyuta nyingine unayoiamini, ya kuandalia flashi ya Windows. Flashi iliyoandaliwa kwenye mashine yenye virusi haiaminiki.
- Intaneti ya kutosha. Masasisho ya kwanza huweza kula gigabaiti kadhaa. Ukiwa na mtandao wa chuo au wa ofisi unaoruhusiwa kuutumia, fanyia kazi hii huko, kwa kuwa kifurushi kinachokatika katikati ndicho kinachowafanya wengi waache hatua ya 3.
- Betri iliyojaa na chaja iliyochomekwa. Umeme ukikatika katikati ya masasisho kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), mfumo unaweza kugoma kuwaka.
- Kalamu na daftari la kuandikia nywila, litakalokaa nyumbani.

Lipo pia jambo moja la kuamua mapema. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, Secure Boot (kinga ya wakati mashine inapowaka), RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa upande wa Intel huanzia zaidi kizazi cha 8. Kompyuta mpakato nyingi za mitumba ni za kizazi cha nyuma ya hapo. Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia mbili za heshima: kujiandikisha kwenye masasisho ya nyongeza ya Windows 10 yanayoitwa ESU, ambayo kwa watumiaji wa nyumbani yanafika tarehe 13 Oktoba 2026, au kuhamia Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni za bure na zinakidhi kazi za kuandika, kuvinjari na kuchapa. Kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika kunawezekana, lakini sikushauri, kwa sababu Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na bila masasisho mwongozo huu hauna maana.

## Hatua ya 1: Okoa kazi zako, usiokoe programu

Nakili kwenye diski ya nje nyaraka, picha, video na sauti. Acha kila faili ambalo jina lake linaishia na exe, msi, bat, vbs, js, scr au lnk, kwa kuwa hizo ndizo aina zinazoweza kuendesha amri. Kisakinishi cha programu ulichokihifadhi miaka mitatu kinaweza kupakuliwa tena kutoka kwa mwenyewe. Tasnifu yako haiwezi.

Folda ya Downloads ndiyo yenye uchafu mwingi. Ifungue, ipange kwa aina za faili, na uchukue kimojakimoja badala ya kuibeba yote.

Onyo: tangu sasa, ihesabu diski hiyo kuwa haijakaguliwa. Ichomoe, ibandike karatasi yenye maneno hayo, na usiichomeke tena hadi utakapofika hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Pata Windows kwa mwenyewe, kisha futa diski nzima

Kwenye ile kompyuta unayoiamini, fungua tovuti ya Microsoft na upakue Media Creation Tool, ambayo itaiandaa flashi yenyewe. Usitumie Windows «iliyopunguzwa uzito» inayosambazwa kwenye makundi ya Telegram au inayokaa kwenye flashi ya rafiki. Mara kwa mara aliyeipunguza ameondoa kinga na masasisho ili ionekane nyepesi, na huna namna ya kujua ameongeza nini.

Ukipakua faili la ISO (Windows nzima ikiwa ndani ya faili moja) badala ya kutumia zana hiyo, lilinganishe na alama yake ya utambulisho, SHA-256, iliyochapishwa kwenye ukurasa wa upakuaji wa Microsoft. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, katika folda lilimo faili na uandike:

certutil -hashfile windows.iso SHA256

Weka jina halisi la faili lako mahali pa windows.iso. Herufi zote zikilingana, faili halikuguswa njiani. Ikitofautiana hata moja, lifute.

Sasa chomeka flashi hiyo kwenye kompyuta unayoisafisha na uiwashe kupitia flashi. Ukifika kwenye orodha ya sehemu za diski, futa sehemu zote, pamoja na ile ya D, mpaka ubaki mstari mmoja ulioandikwa «Unallocated Space». Hapa ndipo mafundi wengi, kwa nia njema ya kumwokolea mteja kazi zake, hufuta C peke yake na kuiacha D. Kirusi kilichokuwa kimejinakili ndani ya D kinabaki salama salimini, kikisubiri mwenye kompyuta afungue folda yake ya kwanza. Ukipeleka mashine kwa fundi, mwambie waziwazi kwamba D pia ifutwe, na umhakikishie kwamba kazi zako umeshazitoa.

Onyo: hakikisha diski ya nje imechomolewa kabla ya kufuta. Kilichofutwa hapa hakirudi kirahisi.

Baada ya usakinishaji, ingia kwenye mipangilio ya UEFI (ile ya mashine yenyewe, inayofunguliwa kabla Windows haijaanza) uhakikishe Secure Boot imewashwa, ili programu hasidi isiweze kujipenyeza kabla Windows haijaamka.

## Hatua ya 3: Sasisha kabla ya kuchomeka chochote

Unganisha intaneti, fungua Settings, ingia Windows Update, bofya «Check for updates». Ikimaliza, iwashe upya na urudie. Masasisho mengine hayajitokezi mpaka yaliyotangulia yawe yamekamilika, kwa hiyo mzunguko wa mara mbili au tatu ni wa kawaida.

Sababu ya kutoichelewesha hatua hii ilionekana dunia nzima mwezi Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili na kudai malipo ya kuyafungua kwenye kompyuta za nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Tundu kilichopitia lilikuwa limeshazibwa na Microsoft mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia walikuwa kwa sehemu kubwa wale ambao sasisho lilikuwepo lakini hawakuliweka, na kirusi hakikuhitaji wabofye kitu chochote.

Kuna mtego mmoja unaotuhusu sisi tunaotumia intaneti ya simu. Mtandao wa hotspot ukiwekwa alama ya «Metered connection», Windows huyazuia masasisho mengi ili kuokoa bando, na mtumiaji anaweza kukaa mwaka mzima akidhani mashine yake inajisasisha. Kuwasha alama hiyo si kosa, kwa kuwa bando ni ghali. Kosa ni kuiwasha na kusahau. Izime kwa siku hii ya kwanza, na baada ya hapo tenga siku moja kila mwezi baada ya Jumanne ya pili, ambayo ndiyo siku Microsoft hutoa masasisho yake ya usalama, uizime tena mpaka mashine imalize.

Umefanikiwa ukiona maneno «You're up to date» baada ya kuwasha upya, na ukibofya tena kutafuta masasisho hayaji mapya.

## Hatua ya 4: Hakikisha mlinzi yupo kazini

Windows huja na Microsoft Defender, na kwa matumizi ya kawaida inatosha. Huna haja ya kununua wala kupewa antivirasi nyingine. Ukiweka ya majaribio, Defender hujiondoa ili kuipisha, na muda wa majaribio ukiisha mlinzi uliyebaki naye anaweza kuwa hana taarifa mpya za virusi.

Fungua Windows Security, kisha «Virus & threat protection», na uhakikishe kwamba «Real-time protection», «Cloud-delivered protection» na «Tamper Protection» zote zimewashwa. Hiyo ya tatu huizuia programu nyingine kuuzima ulinzi kimyakimya. Nenda pia «App & browser control», uwashe uzuiaji wa programu zisizotakiwa, maana hizo ndizo zinazoleta matangazo. Kwenye «Firewall & network protection» mitandao yote mitatu isomeke kuwa imewashwa.

Mlinzi unaweza kumpima. Shirika la EICAR hutoa faili dogo la herufi 68, lisilo na madhara yoyote, ambalo antivirasi zote zimekubaliana kulichukulia kama kirusi. Lipakue kutoka tovuti ya EICAR. Defender ikilikamata na kutoa taarifa, kazi inafanyika. Faili likikaa kimya kwenye folda, usiendelee na hatua inayofuata mpaka ujue kwa nini.

## Hatua ya 5: Akaunti mbili, na majina kamili ya faili

Akaunti ya kwanza unayoitengeneza wakati wa kusakinisha ni ya msimamizi, na programu yoyote unayoifungua ukiwa humo iko hatua moja tu kutoka kwenye mamlaka ya mashine nzima. Tengeneza akaunti ya pili ya aina ya «Standard User», na hiyo ndiyo uitumie kila siku. Kitu kikitaka kubadili mfumo, Windows itadai nywila ya msimamizi. Dirisha hilo likitokea nawe hukuwa unasakinisha kitu, jibu ni hapana.

Kisha fungua File Explorer, bofya View, halafu Show, uwashe «File name extensions» na «Hidden items». Bila hivyo, faili linaloitwa matokeo.pdf.exe huonekana kama matokeo.pdf, nalo linaweza kuwa limevishwa hata picha ya PDF. Ukiziona herufi za mwisho, hila hiyo inakwisha nguvu.

Mwisho wa hatua hii, ingia Settings, «Bluetooth & devices», uzime AutoPlay.

## Hatua ya 6: Flashi

Hatua hii naipa nafasi kubwa kwa sababu, kwa tunavyoishi na kufanya kazi hapa, flashi ndiyo daladala ya virusi. Kompyuta ya steshenari iliyo karibu na chuo hupokea flashi za watu wengi kwa siku moja, mwenye duka hana muda wa kuikagua kila moja, na kinachoingia na ya mwanafunzi wa asubuhi hutoka na ya mtumishi wa jioni.

Elewa kwanza kirusi cha shotikati kinavyofanya. Hakifuti kazi zako. Kinazificha kwa kuzipa alama za mafaili ya mfumo, kisha kinaweka mahali pake shotikati zenye majina na picha zilezile. Ukibofya shotikati, inafungua folda yako halisi, na wakati huohuo inaendesha programu hasidi iliyofichwa. Ndiyo maana mtu huona kila kitu kinafanya kazi na hashuku chochote. Ndiyo maana pia kufuta shotikati pekee hakuponyi, na kulia kwamba kazi zimepotea ni mapema mno. Windows za sasa haziendeshi programu ya flashi zenyewe. Zinasubiri kidole chako.

Fuata utaratibu huu kwa kila flashi, na kwa ile diski ya nje uliyoiweka pembeni:

1. Ichomeke bila kuifungua. Kwenye «This PC», bofya kulia juu ya alama yake na uchague «Scan with Microsoft Defender». Subiri imalize, hata ikichukua muda.

2. Ifungue na uangalie safu ya Type. Folda halisi husomeka «File folder». Ikisomeka «Shortcut», yenye ukubwa wa kilobaiti moja au mbili, usiibofye.

3. Ukizikuta shotikati, fungua Command Prompt na uandike amri ifuatayo, ukibadili E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hii huondoa alama za kufichwa. Folda zako zitajitokeza, wakati mwingine zote zikiwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Usiiendeshe kwenye C, kwa kuwa huko alama hizo zina kazi yake.

4. Nakili nyaraka na picha tu kwenda kwenye kompyuta, kwa kanuni ileile ya hatua ya 1.

5. Fomati flashi, kisha irudishie nyaraka safi.

Umefanikiwa ikiwa ukiichomoa na kuichomeka tena hakuna shotikati inayozaliwa upya. Ikizaliwa, tatizo haliko kwenye flashi. Liko kwenye kompyuta, na unapaswa kuruka hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Kwa uchapaji, dawa bora ni kutoipeleka flashi kabisa. Geuza kazi iwe PDF uitume kwenye barua pepe au WhatsApp ya duka. Usifungue akaunti yako mwenyewe kwenye kompyuta ya duka, maana hujui nani mwingine anasoma unachoandika humo. Kwa nakala za vitambulisho na vyeti, ambazo hutaki zibaki kwenye simu ya mtu, kuwa na flashi moja ndogo ya uchapaji tu: weka faili linalohitajika, chapisha, rudi nyumbani, fomati.

Wenye steshenari nao wanaweza kusaidia. Kompyuta ya kaunta ikitumia akaunti ya Standard User na Defender iliyosasishwa, virusi vingi vitaishia hapo, na wateja watakuwa na sababu ya kurudi.

## Hatua ya 7: Programu, na ile ya «kuactivate»

Programu za kuiwezesha Windows au Office bila leseni, zile zinazojulikana kwa majina ya KMS, karibu zote huanza na sharti moja: zima antivirasi kwanza. Fikiri sharti hilo linamaanisha nini. Unamwondoa mlinzi langoni kwa ombi la mgeni usiyemjua, tena unampa mgeni huyo mamlaka ya msimamizi. Kundi la virusi vya kufunga mafaili liitwalo STOP, au Djvu, limeenea zaidi kwa njia hiihii ya programu za wizi, na waathirika wake wengi ni watu wa kawaida na wanafunzi.

Windows isiyo na leseni huendelea kufanya kazi na huendelea kupokea masasisho ya usalama. Inaweka maandishi kwenye kona ya skrini na kukunyima kubadili baadhi ya mapambo. Usumbufu huo ni mdogo kuliko kupoteza tasnifu. Mahali pa Office, LibreOffice ni ya bure na hufungua mafaili ya docx na xlsx. Na ukiwa chuoni, uliza kitengo cha TEHAMA kama chuo kina leseni kwa wanafunzi kabla hujatafuta njia nyingine.

Tovuti bandia hununua matangazo yakae juu ya matokeo ya utafutaji, kwa hiyo njia salama ya kusakinisha ni Microsoft Store au amri ya winget, ambayo huchukua programu kutoka kwenye orodha iliyokaguliwa. Kwa mfano:

winget install TheDocumentFoundation.LibreOffice

Kuhusu nyaraka za Word na Excel zinazokuja kwa barua pepe: ukiombwa kubofya «Enable Content», usibofye mpaka uwe umempigia aliyekutumia. Tangu mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia yenyewe makro (amri zilizofichwa ndani ya waraka) za mafaili yatokayo kwenye intaneti, lakini walaghai huandika maelekezo ya kuondoa kizuizi hicho ndani ya waraka wenyewe.

## Hatua ya 8: Kivinjari

Taarifa nyingi za «kompyuta yako ina virusi 5» zinazotokea kwenye kona ya skrini hutoka kwenye kivinjari, baada ya mtu kubofya «Allow» kwenye tovuti ya filamu au mpira. Fungua mipangilio ya kivinjari, sehemu ya Notifications, uondoe tovuti zote usizozijua. Viongezi ubaki navyo vichache, na kila usichokumbuka kukiweka kiondoe.

## Hatua ya 9: Nakala isiyoshikamana na kompyuta

Jenga mazoea ya kunakili kazi kwenye diski ya nje mara moja kwa wiki, na uichomoe mara tu ukimaliza. Diski inayokaa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta siku kirusi cha kufunga mafaili kikiingia. Kwa kazi kubwa kama tasnifu au hesabu za biashara, ongeza nakala ya pili kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila baada ya muda fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye nakala hiyo, uone kama yanasomeka.

## Dalili zikirudi

Kata intaneti kwanza. Fungua Windows Security, «Scan options», uchague «Microsoft Defender Offline scan». Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, jambo linalochukua takriban dakika 15, na virusi vinavyojificha wakati mfumo unaendelea hukosa pa kujificha. Ikiwa Defender inakataa kuwaka, usipoteze siku nzima ukipambana nayo. Rudi hatua ya 1.

Nywila zibadilishwe kutoka kwenye kifaa kingine kilicho safi, kwa kuwa programu nyingi za siku hizi huiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari dakika chache baada ya kuingia. Anza na barua pepe, maana ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote, kisha benki, kisha mitandao ya kijamii. Katika kila akaunti tumia chaguo la kuondoka kwenye vifaa vyote, kwani mwizi aliyechukua kumbukumbu za kivinjari anaweza kubaki ndani hata baada ya nywila kubadilika. Wajulishe pia uliobadilishana nao flashi wiki hiyo.

Ikiwa mashine ni ya ofisi, iwe kwenye Mji wa Serikali wa Mtumba au kwenye halmashauri, usiisafishe mwenyewe wala usiipeleke kwa fundi wa mtaani. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, iache ikiwa imewaka, na utoe taarifa kwa kitengo cha TEHAMA mara moja, ili wakague kama kirusi kimefika kwenye mashine nyingine kabla ushahidi haujafutwa. Tukio likiwa kubwa, kitengo hicho ndicho kitakachowasiliana na TZ-CERT, timu ya kitaifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta iliyo chini ya TCRA.